Sufu Iliyokosekana Kaputiei

Kondoo wa Kimaasai hana sufu. Ana nywele fupi zilizolala kwenye ngozi, nyekundu au za hudhurungi, na mkia mpana uliosheheni mafuta. Hakatwi manyoya. Katika nyanda zote za Kaputiei, kutoka Athi River kupitia Kitengela na Isinya hadi Kajiado mjini, hakuna mzee atakayekuonyesha mkasi wa kukatia kondoo alioachiwa na babu yake. Naanza na hili kwa sababu mimi ni fundi wa majengo, na siku hizi wateja wananijia na picha kwenye simu: marobota ya sufu yakitandazwa juu ya dari huko Uingereza na New Zealand. Wananiuliza, sisi watu wa kondoo tangu jadi, mbona nyumba zetu zinatuchoma mchana na kutugandisha usiku?

Nyumba zetu hazikuwa hivyo. Zimekuwa hivyo juzi tu, na waliojua namna ya kuzuia baridi hawakuulizwa neno. Walikuwa wanawake.

Mtu wa Mombasa anaweza kushangaa kusikia tunalia baridi na tuko karibu hivi na ikweta. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Kajiado imepanda zaidi. Mwezi wa Julai mawingu hufunga kutwa, upepo hupita mbugani bila kukuta msitu wa kuuvunja nguvu, na asubuhi watoto huenda shule wamejikunyata. Ikifika Februari mambo hugeuka: jua linapiga tangu saa tatu asubuhi na ardhi nyeusi inapasuka nyufa za kuingia mkono. Nyumba ya hapa basi ina kazi mbili zinazopingana, na haifai ikiweza moja tu.

Koko, yaani bibi yangu, alijenga nyumba yake ya mwisho upande wa Isinya nikiwa bado shule ya msingi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea maji. Nyumba ya Kimaasai, enkaji, hujengwa na mwanamke na ni mali yake. Kila mke ana yake. Wa kwanza huiweka upande wa kulia wa lango la boma, wa pili upande wa kushoto, na kuendelea hivyo. Mume hana chumba chake. Analala kwa wake zake. Msichana aliyeolewa alikuja na ujuzi huo mikononi, akisaidiwa na mama mkwe na majirani, na aibu ya nyumba inayovuja ilikuwa yake kama vile sifa ya nyumba yenye joto ilivyokuwa yake.

Koko alikata miti ya leleshwa, akachimbia nguzo kwa mstari wenye pembe za mviringo, akapinda fito juu yake na kuzisuka kwa kamba za magome. Katikati ya fito alishindilia majani na nyasi kavu. Kisha zikaja siku za kukandika. Mavi mabichi ya ng'ombe yalichanganywa na majivu na udongo kidogo, yakakandwa kwa miguu na mikono, yakapakwa ndani na nje na juu ya paa, tabaka la kwanza likakauka kabla ya la pili kuwekwa. Alikuwa akipima unene kwa kuzamisha vidole. Palipokuwa pembamba alipajua kabla hajapagusa, kwa sauti tu: alipiga ukuta kwa kiganja na kusikiliza.

Paa lilikuwa chini, mtu mzima akiinama. Watu wa nje waliodhani ni kwa kukosa ujuzi wa kunyanyua hawakuelewa. Hewa ya moto hupanda, na chumba kirefu huupeleka moto wa kuni mahali ambapo hakuna mtu. Mlango haukutazama nje moja kwa moja. Uliingia kwa kijia chembamba kilichojikunja, hivyo upepo uliishia konani. Dirisha lilikuwa tundu la kupitishia mkono. Ndani, pembeni mwa moto, kulikuwa na vitanda vya fito vilivyotandikwa nyasi na ngozi, na zizi dogo la ndama na wanakondoo waliozaliwa karibuni. Wanyama hao walilindwa dhidi ya fisi na baridi, na wao wenyewe walitoa joto usiku kucha baada ya moto kufa.

Nimevunja vipande vya ukuta wa zamani mara nyingi kwa sababu ya kazi yangu, na kila mara huonyesha kitu kilekile. Ng'ombe hasagi nyasi zote. Nyuzi zake hubaki katika mavi, na yanapokauka huacha matundu madogo kama ya mkate. Hapo ndipo siri ilipo, na ndiyo siri ya sufu pia. Kinachozuia joto kupita ni hewa iliyotulia, iliyofungiwa mahali isipoweza kuzunguka. Sufu huifungia katika mikunjo ya unywele wake. Ukuta wa koko uliifungia katika matundu ya nyuzi za nyasi na katika majani yaliyoshindiliwa nyuma yake. Sufu hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa unene uleule, hilo silibishi. Lakini ukuta wa mavi na udongo una uzito, na uzito huo hunywa jua la mchana polepole na kulirudisha ndani jioni, jambo ambalo sufu peke yake haiwezi.

Kondoo naye alikuwamo humo. Ngozi yake, ikisuguliwa kwa mafuta hadi ilainike, ilikuwa vazi la mwanamke na tandiko la mtoto. Mafuta ya mkia yalipakwa mwilini, na ngozi ya mtu iliyopakwa mafuta hustahimili upepo wa Julai. Mwanamke aliyejifungua alichinjiwa kondoo dume ili mafuta yamrudishie nguvu. Watu wa Mongolia walimgeuza kondoo kuwa nyumba kwa kugandamiza sufu yake hadi iwe kitambaa kizito cha kufunika mahema. Kondoo wa kwetu hakutoa kitu cha kugandamizwa; alitoa mafuta na ngozi, na ukuta akauachia ng'ombe.

Sufu ilifika nchini na walowezi. Lord Delamere alipewa ardhi kubwa Njoro mwaka 1903, akaagiza kondoo wa merino na aina nyingine za ng'ambo. Wengi walikufa, kwa kuwa malisho ya Njoro yalikosa madini ambayo mnyama anayahitaji, jambo lililokuja kueleweka baadaye sana. Alihamishia juhudi zake Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita, na huko merino wakakubali. Sehemu ya mpango wake, kama ya walowezi wengine, ilikuwa kuwapandisha kondoo majike wa Kimaasai kwa madume ya merino, kizazi baada ya kizazi, hadi nywele zigeuke sufu. Kwa hiyo katika damu ya makundi ya sufu ya Bonde la Ufa wamo bibi waliotoka mabomani kwetu.

Malisho yenyewe yalitoka kwetu pia. Kwa mkataba wa 1904, ambao jina la laiboni Olonana limeandikwa humo, Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, sehemu wakapelekwa Laikipia na sehemu kusini. Mkataba wa 1911 ukawaondoa hata Laikipia, na safari ya kuhamishwa ikaendelea hadi 1913 ingawa baadhi yao walikuwa wamekwenda mahakamani kupinga. Naivasha, Elmenteita na Laikipia zikawa nchi ya sufu. Kajiado ikawa sehemu ya Hifadhi ya Kusini, nchi ya kondoo wa nywele. Wateja wakiniuliza kwa nini mila ya sufu haikuota Kaputiei, namkumbuka koko wa koko yangu akiswagwa na ng'ombe wake upande mmoja, na merino wakishushwa kwenye behewa upande mwingine. Nani angemfundisha nani?

Kuna jambo moja la wakati huohuo linalonikera kila nikilifikiria. Mwaka 1911 ilianzishwa kampuni ya kuchimba magadi katika ziwa Magadi, ndani ya nchi hii hii ya Kajiado, na reli ikajengwa kutoka Konza ikipita Kajiado kwenda kuyachukua. Magadi ni miongoni mwa vitu vilivyotumika viwandani kuosha mafuta na uchafu wa sufu. Dawa ya kuoshea ilipita mlangoni petu kwa treni miaka na miaka.

Kondoo mwenye kitu kinachokaribia sufu alifika kwetu kwa wingi miaka ya 1970, pale madume ya Dorper yalipoanza kusambazwa kwa wafugaji kwa bei nafuu. Dorper alizalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kumchanganya Dorset Horn na kondoo wa Kiajemi mwenye kichwa cheusi. Ni mkubwa, anapata bei nzuri sokoni, na vazi lake ni mchanganyiko wa nywele na sufu ambao hujipukutikia wenyewe. Leo ukitembea Kajiado ni vigumu kumpata kondoo mwekundu asiye na damu yake. Tumelipia tamaa hiyo. Yule mwekundu wa asili anastahimili minyoo ya tumbo kuliko Dorper, watafiti wa mifugo wamelithibitisha hilo kwa miaka mingi, na kiangazi kikali kinapokuja wafugaji hulisema wenyewe bila mtafiti. Ama sufu ya Dorper, naiona imenasa kwenye miiba na waya za uzio, imechafuka, fupi. Mtu hawezi kujaza dari kwa kuokota miibani.

Sasa mabati, na habari yake inaanzia kwenye ardhi. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ardhi ya Wamaasai iandikishwe kwa majina ya vikundi, na ranchi za vikundi zikaenea Kajiado. Ranchi ya kikundi ya Kitengela ilianza kugawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. Wanachama walioandikishwa walikuwa karibu wote wanaume. Miaka miwili baadaye ikatungwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, na Athi River ikapata viwanda vya nguo vilivyovuta maelfu ya watu waliotaka kupanga chumba. Vipande vikauzwa vikagawanywa tena. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 katika mji wa Kitengela, mahali ambapo mama yangu anakumbuka nyumbu wakivuka barabara ya Namanga.

Hati ya ardhi ilipotoka kwa jina la mume, nyumba nayo ilihama. Nyumba ya kudumu ilijengwa kwa pesa, pesa zilitoka kwa kuuza ng'ombe au ardhi, na aliyeuza ni mwanamume. Fundi alitoka Machakos au Nairobi, naye aliongea na mwenye pesa. Mwanamke aliyeweza kusimamisha nyumba tangu nguzo hadi paa alipewa ufunguo na ufagio. Hata mimi nilipoanza kazi hii, akina baba wengi walinipita wakamwuliza mvulana anayenichanganyia simiti kama ndiye fundi.

Basi tazama walichopata. Bati la geji 30 halifiki nusu milimita kwa unene. Saa nane mchana huwezi kuliwekea kiganja, na chini yake, bila dari, chumba kinakuwa hakikaliki. Usiku wa Julai bati hilohilo linapoa upesi kuliko kitu chochote ndani ya nyumba, pumzi za waliolala zinagandia kwake na kudondoka kwenye blanketi alfajiri. Watu hudhani paa linavuja, wananiita niangalie misumari. Misumari haina shida.

Siwezi kusema enkaji ilikuwa kamili, na anayesema hivyo hakulala ndani yake. Mvua za masika zililainisha paa, na mwanamke alitoka usiku, hata mwenye mimba, kulikandika upya au kulifunika kwa ngozi. Moshi ulikuwa mbaya zaidi. Nyumba isiyotoa joto haitoi moshi pia, na macho ya koko yalikuwa mekundu tangu nilipomfahamu. Kikohozi chake sikisahau. Ilikuwa lazima kitu kibadilike.

Na kulikuwa na jaribio la kubadilisha bila kutupa. Miaka ya 1990 shirika la ITDG, ambalo sasa linaitwa Practical Action, lilifanya kazi na vikundi vya wanawake wa Kajiado kuboresha nyumba zao. Hawakuwaambia wabomoe. Waliinua ukuta kidogo, wakapanua dirisha, na juu ya paa la zamani wakatandaza wavu wa kuku na kulipaka simiti nyembamba iliyoshuka hadi kwenye mfereji wa kukusanyia maji. Mvua ikatiririka kwenye pipa badala ya kuingia ndani, na tabaka la zamani likabaki chini ya simiti likifanya kazi yake ya kuzuia joto. Mwisho wa miaka hiyo na mwanzo wa miaka ya 2000, shirika hilo lilirudi na kazi ya moshi, wakaweka vifuniko vya bati vyenye bomba juu ya meko ili moshi utoke nje, na wakapima hewa ndani ya nyumba kabla na baada. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi ya ujenzi yenye akili kuliko zote zilizowahi kufanywa Kajiado. Nimekwea paa moja la namna hiyo nikiwa mwanafunzi, na chini yake mchana wa Februari palikuwa pa kukaa. Lakini paa la simiti juu ya udongo halikuonekana kutoka barabarani. Bati linang'aa. Mwenye kuoza binti alitaka paa linalong'aa.

Nirudi kwenye zile picha za simu. Sufu ya kweli tunayo Kenya, ila iko upande mwingine: Molo, Mau Narok, Nyandarua, Laikipia, Timau, kwa kondoo wa merino na Corriedale na chotara zao. Bei yake imeshuka hivi kwamba kumkata kondoo kunaweza kumgharimu mkulima kuliko anacholipwa. Kwa mjenzi hiyo ni fursa. Sufu ya dari haihitaji kuwa ndefu wala nyeupe. Ile inayokataliwa na mfumaji inafaa. Inazuia joto sawa na nyuzi za kioo zinazouzwa madukani, bila kuwasha ngozi ya anayeitandaza. Inaweza kunywa unyevu hadi theluthi ya uzito wake bila kulowa, kwa hiyo yale matone ya alfajiri hupungua. Haishiki moto kwa urahisi. Adui yake ni nondo wa nguo, ambaye buu lake hula unywele wenyewe, na ndiyo sababu hutiwa boraksi baada ya kuoshwa.

Hesabu yake si ya kutisha. Chumba cha mita tatu kwa nne, ukitandaza unene wa sentimita kumi juu ya dari, kinahitaji takriban kilo 24 za sufu safi. Kuosha huondoa karibu nusu ya uzito, kwa kuwa mafuta, jasho na mchanga vimejaa humo, kwa hiyo unanunua kama kilo 45 zikiwa chafu. Kondoo wa sufu hutoa kilo mbili hadi nne kwa mkato mmoja. Kundi dogo la kondoo 15 linatosha chumba kimoja.

Niliagiza magunia kutoka Mau Narok kwa ajili ya nyumba ya mama, ya mawe na mabati, upande wa Isinya. Tuliosha kwa maji ya uvuguvugu na magadi kidogo sana, kwa kuwa yakizidi hula sufu. Wakaja rika lake, wanawake wa miaka 60 kwenda juu, wakakaa chini ya mgunga wakichambua kwa vidole na kutoa miiba. Nilikuwa nimepanga kutandaza mwenyewe na mvulana wangu. Hawakukubali. Mama alipanda ngazi, akaingia chini ya paa, akatandaza, akazamisha vidole kupima unene, akaita waongeze upande wa mashariki ambako upepo unapiga. Mmoja aliuliza kwa nini tunaacha kuta, na alikuwa na haki: jiwe la kuchongwa la sentimita 20 bila kitu ndani yake linapitisha baridi kuliko ukuta wa udongo na mavi.

Tangu hapo wamenipa maelekezo yao. Wanataka chumba cha pili kikandikwe kwa ndani, juu ya jiwe, kwa mchanganyiko wa zamani wenye chokaa badala ya majivu, unene wa vidole vinne, na dari ya sufu juu yake. Wanataka bomba la moshi. Wanataka pia malipo ya fundi, kwa kila mmoja wao, sawasawa na ninavyomlipa mwashi wa Machakos, na wameniambia nimwandikie mteja wangu anayefuata bei hiyo kabla hawajapanda ngazi. Nimeiandika. Mteja ni mwanamume wa Kitengela mwenye nyumba tano za kupangisha, na amesema tuanze na moja baada ya mvua za masika.